Ombi la Kuunganishwa na Moto Usiozimika: Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Nishati wa Nigeria

Waheshimiwa,

Mteja wenu wa Surulere, Lagos, anawasalimu kwa heshima zote na anaomba radhi kwa mwandiko. Barua hii ilianzia kwenye kompyuta, ikahamia kwenye simu, ikamaliziwa kwa kalamu. Lile doa mnaloliona pembeni ni nta ya mshumaa. Mteja hamlaumu mtu.

Kilichomfanya aandike ni kichwa chake. Jumamosi moja alikuwa kwa kinyozi, upande wa kulia umeshanyolewa na wa kushoto bado, mashine ikanyamaza. Kinyozi hakusema neno. Alitoka nje, akavuta kamba ya kijenereta chake mara moja, mara mbili, mara ya tatu, kikakohoa, kikagoma. Vijenereta hivyo watu wa Nigeria wamevibandika jina la "Nimempita Jirani". Siku hiyo jirani ndiye aliyekuwa na petroli. Mteja akakaa kitini saa nzima na nusu ya kichwa, akijitazama kwenye kioo kinachozidi kuwa cheusi, huku watoto wa mtaa wakipokezana kuchungulia mlangoni. Umeme uliporudi, watoto walewale wakapiga ukelele wao wa siku zote: "Up NEPA!" Shirika la umeme la NEPA lilibadilishwa jina mwaka 2005, na mrithi wake akakatwa vipande na kuuzwa kwa kampuni binafsi mwaka 2013. Watoto hao hawakuwa wamezaliwa. Ukelele wameupokea kwa wazazi wao kama watu wanavyorithi pumu.

Hakuna haja ya kuwahesabia gridi ya taifa imeanguka mara ngapi, maana mnapoanguka nayo mnajua. Mwaka 2024 peke yake ilianguka mara zaidi ya kumi, na Oktoba mwaka huo sehemu kubwa ya kaskazini ilikaa gizani zaidi ya wiki. Taarifa zenu huiita hali hiyo "usumbufu kwenye mfumo", na mteja anaona ni lugha ya upole inayofaa kuigwa. Hata marehemu anaweza kusemwa kwamba amepata usumbufu. Tena mema yenu hayasahau. Machi 2025 mitambo ilivunja rekodi, ikafikisha megawati 5,801 kwa taifa la watu zaidi ya milioni 200. Mteja alishangilia. Alishangilia gizani, lakini alishangilia.

Vilevile anashukuru kwa kupangiwa daraja. Tangu mwaka 2020 wateja wana madaraja A hadi E, mithili ya matokeo ya mtihani: A ameahidiwa saa 20 za umeme kwa siku, E saa nne. Aprili 2024 uniti moja ya daraja A ilipanda kutoka naira 68 hadi 225. Mteja amefaulu, yuko A. Kampuni inayomuuzia umeme, ambayo hataitaja, humletea bili ya A na umeme wa D, na alipokwenda kuuliza aliambiwa asubiri mhusika, naye mhusika alikuwa ametoka kwenda kununua dizeli ya ofisi.

Siku zilezile za Aprili, waziri wa umeme, Adebayo Adelabu, alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema Wanigeria hawajui kutumia umeme kwa uangalifu: mtu huondoka na kuliacha friza likiwaka, eti kwa sababu umeme ni wa bei poa. Baadaye aliomba radhi. Lakini tayari kuna mama auzaye samaki wa barafu aliyekuwa amekwishatupa shehena mbili jalalani mwezi ule, na friza lake halijawahi kulala likiwaka usiku mzima tangu alinunue. Mnamfundisha nani kubana matumizi? Mtu hawezi kubana asichopewa!

Samahani. Mteja anarudi kwenye adabu, na kwenye ombi lenyewe.

Mwaka jana alisafiri kwenda msibani katika Jimbo la Delta. Kijiji hakikuwa na umeme usiku ule. Ajabu ni kwamba aliisoma ratiba ya mazishi tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na majina ya wajukuu wote, bila tochi. Nyuma ya migomba, umbali wa mwendo mfupi, kulikuwa na bomba lililosimama, na juu yake moto mkubwa wa rangi ya chungwa ukinguruma kama lori linalopanda mlima. Ndiyo gesi inayotoka ardhini pamoja na mafuta, ambayo kampuni huona nafuu kuichoma kuliko kuikusanya. Asubuhi aliwakuta wanawake wameanika mihogo iliyokunwa mbele ya moto huohuo, nyuso wamezifunika kwa kanga zilizoloweshwa maji. Aliuliza huzimwa lini. Mzee mmoja akamtazama kama mtu aliyeuliza mto hufungwa saa ngapi.

Hapo mteja akafunguka macho. Mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956, na kwa miongo yote hii moto huu umewaka mchana na usiku, sikukuu na siku za kazi, masika na kiangazi. Haujui "usumbufu". Hauna daraja. Waheshimiwa, kumbe taa isiyozimika mnayo!

Kwa hiyo anaomba aunganishwe na huo moto.

Hataki makubwa. Anaomba mwali mmoja, wa wastani, hata uliotumika, uletwe Surulere na kusimikwa katikati ya Uwanja wa Taifa, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukingojea kazi. Majukwaa yapo tayari. Wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani wataketi kwa madaraja: A safu ya mbele, mwanga mwingi na nyusi kuungua kidogo, saa 20; E kule juu kabisa, wakipokezana miwani kwa saa zao nne. Vinyozi watapanga viti vyao kuzunguka mstari wa uwanja na kurudi kwenye wembe, chombo kisichohitaji gridi. Mafundi cherehani watanyoosha nguo kwa kuzitandaza upande unakoelekea upepo. Mama wa samaki ataacha kuuza wa barafu, auze wa kukaushwa. Harusi zitafanywa usiku bila kukodi taa, na picha zote zitatoka na bibi harusi wa rangi ya dhahabu. Kutakuwa na msimamizi mwenye kofia, na kibao: "Usisogee zaidi ya hapa. Usimwage maji. Mvua ikinyesha, usikinge ya kunywa." Watu wa Delta hulalamika kwamba mvua ya huko hutoboa mabati, lakini Surulere haina wasiwasi, mabati yake yameshatoboka. Na siku ya uzinduzi mgeni rasmi hatahitaji mkasi. Utepe utaungua wenyewe.

Barafu tu ndiyo mteja hajaipatia ufumbuzi. Analiacha hilo kwa wataalamu.

Msiseme jambo hili halina mantiki, kwa sababu lipo jambo lisilo na mantiki zaidi na mnaliendesha kila siku. Sehemu kubwa ya umeme wa Nigeria huzalishwa kwa gesi. Mitambo inapolala, sababu mnayoitoa mara kwa mara ni kwamba gesi haitoshi. Gesi haitoshi, na gesi inachomwa! Sheria ya mwaka 1979 iliagiza uchomaji ukome tarehe 1 Januari 1984, isipokuwa kwa kibali cha waziri. Vibali vikapatikana, na tarehe mpya zikafuatana. Novemba 2005 Mahakama Kuu ya Shirikisho mjini Benin City, katika kesi ya Jonah Gbemre na jamii yake ya Iwherekan dhidi ya kampuni ya Shell, iliamua kwamba kuchoma gesi hiyo kunavunja haki ya watu ya kuishi na ya utu. Hukumu ikasomwa. Moto ukaendelea kuwaka, pengine ili watu waone kuisoma.

Na huku mijini kila mwaka magazeti hurudia habari ileile, yakibadilisha jina la mtaa tu: mlango umevunjwa asubuhi, ndani wamekutwa watu wamelala hawaamki, na jenereta liko sebuleni au barazani, tenki tupu. Waliliingiza ndani lisiibwe. Walikufa kwa kutaka feni izunguke. Hawa nao wawekwe daraja gani?

Maombi madogo ni haya. Kuanguka kwa gridi kutangazwe mapema kama ratiba ya ligi. Fidia ya samaki walioharibika ilipwe kwa samaki. Fomu za serikali ziwe na nafasi ya kuandika jenereta kama ndugu wa karibu.

Kuhusu nishati safi, mteja amesikia ahadi iliyotolewa kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, Novemba 2021, kwamba nchi itafikia uzalishaji sifuri halisi wa hewa ukaa ifikapo 2060, na mpango wa dola trilioni 1.9 uliofuata mwaka 2022. Amepiga hesabu. Ikiwa mwaka wenu wa 1984 umechelewa zaidi ya miaka 40 na bado haujafika, 2060 utaingia kituoni baada ya mwaka 2100. Yeye ataacha maelekezo kwa vitukuu. Majirani zake hawakusubiri: wamejinyima, wamenunua paneli za jua kutoka China, na paa zao zinang'aa. Machi 2025 waziri wa sayansi akatangaza kwamba serikali inakusudia kuzuia paneli hizo kuingizwa nchini, ili viwanda vya ndani vilindwe. Mwezi uliofuata ikajulikana kwamba bajeti ya mwaka huo ilikuwa na naira bilioni 10 za kuiwekea Ikulu ya Abuja umeme wa jua. Utetezi uliotolewa ni kwamba hata Ikulu ya Marekani inao.

Mteja anaipongeza Ikulu. Mwenye nyumba akianza kuhamisha vitanda, mpangaji haulizi tena kama paa linavuja.

Anasubiri majibu. Yakiletwa usiku, bisheni hodi kwa nguvu. Kengele ya mlango inatumia umeme.

Wenu mtiifu,
Mteja wa Daraja A

Nakala: Kampala; Hoima; na Chongoleani, Tanga, kunakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda.