Kesiye Mstaafu Anajibu: "Pesa Yangu Iko, Ila Haitoki"

Safu hii haifundishi kuweka akiba. Wa kufundisha hilo wako tele: mapadri, mashirika, wakwe. Humu tunashughulika na siku ile mwenye pesa anaporudi gisheni kuzidai. Barua nyingi zimetoka Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo. Majina nimeyaficha na matusi nimeyaondoa, hata yale yaliyostahili.

*Yaya Kesiye, nauza maharage na bitoyo katika soko kuu la Butembo. Nina dola 640 kwenye COOPEC, ushirika wetu wa akiba na mikopo. Nilikwenda kutoa 400 za minervali, karo ya watoto. Wakasema leo tunatoa 50 tu, rudi Ijumaa. Ijumaa wakasema droo haina kitu, rudi Jumatatu. Jumatatu wakasema rudi Jumatatu. Ni Jumatatu ipi hiyo? — Mama Maharage, Furu*

Mama, Jumatatu hiyo naijua, nimewahi kuitoa mwenyewe nikiwa nyuma ya kioo. Haimo kwenye kalenda. Maana yake ni kwamba pesa zako ziko safarini.

Ulipoziweka hazikulala. COOPEC ilimkopesha mfanyabiashara, naye akaenda Kampala kuchukua mzigo, akaupitisha mpaka wa Kasindi. Kutoka Kasindi hadi Beni, barabara unaijua: kuna wiki magari yanangoja kusindikizwa na jeshi, na kuna wiki lori linachomwa. Lori likiungua, deni halilipwi, na moshi wake unakufikia wewe gisheni kwa jina la Ijumaa. Kukopesha si kosa, ndiyo kazi ya ushirika. Kosa ni kukopesha hadi droo ikabaki na raba na kalamu.

Angalia pia livre yako, kitabu cha akiba, vizuri. Katika hizo 640 huenda kuna kiasi kilichoandikwa hisa. Hicho si akiba. Ndicho kilichokufanya mwanachama, na hukitoi mpaka siku ya kuaga. Wengi huchanganya mambo haya mawili, halafu wanamwita kesiye mwizi bure. Kesiye ana makosa yake mengine.

Sasa dawa. Sheria namba 002/2002 ya tarehe 2 Februari 2002 inaiita COOPEC mali ya wanachama wake, na kura ni moja kwa mtu mmoja. Yule bwana wa lori anayedaiwa maelfu ana mkono mmoja wa kuinua mkutanoni, kama wewe. Ila kwenye mkutano mkuu wengi wetu husubiri soda, tukapiga makofi, tukaenda. Safari hii uliza kabla ya soda: mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 ni kiasi gani? Kisha uliza: kati ya hiyo, ya wajumbe wa kamati na ndugu zao ni mingapi? Utasikia viti vikilia.

Wakati unasubiri mkutano, nenda na wenzako watano wa meza jirani. Chukueni ungo na maharage. Kaeni ukumbini, chambueni polepole, msalimieni kila anayeingia. Msipige kelele hata kidogo. Kelele zikitoka nje, mji mzima utakuja kutoa siku hiyo hiyo, na hakuna COOPEC, hata iliyo nzima kabisa, inayoweza kuwalipa watu wake wote kwa asubuhi moja. Meneja analijua hilo kuliko ninyi. Ndiyo maana ungo mmoja ukitulia ukumbini, yeye hatatulia.

*Kesiye, wamekataa kunipa pesa zangu kwa sababu kadi yangu ya mpiga kura haisomeki. Nifanye nini? — Kambale, Beni*

Ndugu yangu, kusaini "Kambale" pale Beni ni sawa na kutosaini. Kila nyumba iliyopata mvulana wa pili ina wa kwake. Kesiye wako ana haki ya kuogopa.

Kadi za mwaka 2023 wino wake ulifutika haraka, kilio kikawa cha nchi nzima. Nimeona kadi iliyobaki na masikio tu. Nenda CENI, tume ya uchaguzi, uombe nakala nyingine, na ukiipata itolee fotokopi siku hiyo hiyo, ungali na uso. Nakumbuka Desemba 2018, Beni na Butembo tuliachwa nje ya uchaguzi wa rais, sababu ikatajwa Ebola na usalama. Kadi zetu zikabaki na kazi moja tu, ya kitambulisho gisheni. Sasa hata hiyo!

*Mwanangu Kesiye, mjukuu amekuta livre yangu ya CADEZA, ile benki ya akiba ya serikali, ndani ya sanduku la zamani. Mwaka 1974 niliweka zaire 150, sikuzigusa. Naomba unipigie hesabu pamoja na riba, nijue nije na mfuko wa namna gani. — Mzee wa Kyondo*

Shikamoo Mzee. Keti kwanza. Mwambie mjukuu akuletee kasiksi kidogo.

Sarafu ya zaire ilipozaliwa Juni 1967, moja ilikuwa dola 2 za Marekani, na mwaka 1974 bei ya serikali ilikuwa bado hiyo. Kwa hiyo ulikwenda gisheni na dola 300. Mtu mzito! Desemba 1979 Mobutu alifuta ghafla noti za zaire 5 na 10, akaacha siku chache tu za kubadilisha. Waliokuwa wameficha noti chini ya godoro walilia. Nadhani wewe na livre yako mliwacheka.

Kicheko hakikudumu. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, na moja ilikula zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka uliofuata bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Muuza sombe alikuwa na bei ya asubuhi na bei ya jioni. Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, nayo moja ikala zaire mpya 100,000. Zidisha: faranga moja ya leo ni zaire za zamani bilioni 300.

Wewe uliweka 150. Ili akulipe haki yako, kesiye achukue noti ya faranga 50, aikate vipande bilioni 100 vilivyo sawa, akupe kimoja. Nimeiacha riba kando kwa heshima. Hata wangekuzidishia mara mbili, vingekuwa vipande viwili. Mfuko usiuhangaikie.

Vijana wakikuuliza kwa nini wazee wa Butembo wanapenda dola, matofali na ng'ombe kuliko gishe, waonyeshe livre hiyo. Lakini tusidanganyane, Mzee. Jirani yako aliyenunua ng'ombe mwaka ule ule naye hana ng'ombe leo. Walipita wenye bunduki, wakapita na wengine. Wewe angalau una karatasi yenye muhuri.

*Bwana Kesiye, mke wangu ametoa dola 300 kwenye akaunti yake bila kuniambia. Nimekwenda kuuliza, kesiye akaniambia ni siri ya mwanachama! Je, sheria haisemi kwamba mwanamke aombe ruhusa ya mume? — Kichwa cha Nyumba, Mususa*

Ilikuwa inasema. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa shughuli za kisheria, na mimi mwenyewe nilizipokea karatasi zile za ruhusa, nyingine zimeandikwa na mke kwa mkono wake na kusainiwa na mume asiyejua anasaini nini. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliifuta ruhusa hiyo. Siku hizi sheria inataka mume na mke wakubaliane juu ya mambo yanayowafunga. Wote wawili, Kichwa. Kwa hiyo kabla hujamhoji kuhusu 300, jiandae kueleza pikipiki uliyoikopa mwaka jana na jina la anayeiendesha.

Kesiye aliyekunyima jibu amefanya kazi yake. Mpelekee salamu zangu. Za 300 muulize mwenyewe, kwa sauti ile uliyotumia mlipokuwa wachumba. Na ukirudi nyumbani angalia juu: mara nyingi pesa za namna hiyo huonekana zikiwa bati.

*Yaya, sisi ni akina mama 25 wa AVEC, kikundi cha kuweka na kukopeshana, hapa Bungulu, Beni. Sanduku letu, zito tangu katikati ya mwaka, lina kufuli tatu na wenye funguo watatu. Mmoja ameolewa Kasindi, ameondoka na ufunguo shingoni. Kugawana ni wiki ijayo. — Mweka Hazina Mwenye Presha*

Dada, hongereni. Ninyi mna pesa zilizo salama kuliko zote Kivu ya Kaskazini: hata wenyewe hamzifikii. Kufuli tatu ziliwekwa hasa ili mtu mmoja asiweze. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaza kwamba huyo mmoja atapata mchumba.

Itisheni kikao, wote mliopo, mchana. Vunjeni kufuli moja tu, ile yake, mbele ya macho yote. Hesabuni kwa sauti, mkilinganisha na mihuri ya hisa kwenye livre ya kila mama. Ufunguo mpya mpeni mama asiyehama, aliyekwisha kulea wajukuu, na asiye jirani wala shemeji wa wenye funguo wengine wawili. Bibi harusi naye atapata fungu lake kamili. Mpigieni simu, asipeleke ndoa yake mahakamani kwa ajili ya kufuli.

Ila mmeniandikia kwamba sanduku limekuwa zito tangu katikati ya mwaka. Hapo ndipo nilipokunja uso. Sanduku la AVEC katikati ya mwaka linatakiwa liwe jepesi, pesa ziko kwa wanachama, zinauza makala na mafuta ya mawese, zinarudi na faida. Zito wakati ule ni dalili kwamba mmeogopa kukopeshana. Na Beni, usiku wa milio ya risasi, nani kati yenu atakimbia na chuma kichwani?

*Kesiye, gisheni nimepewa dola 100, mtaani kila mtu anaikataa. Ina mpasuko mdogo pembeni. — Mwenye Hasira*

Mdogo kiasi gani? Kwetu Benjamin Franklin haruhusiwi kuugua hata mafua. Mpasuko wa punje ya mchele, alama ya kalamu, sura ndogo ya toleo la zamani: haipiti, ingawa huko Marekani kwenyewe inanunua mkate. Wapo wa kuinunua barabarani kwa bei pungufu. Siku nyingine igeuze ungali mbele ya kioo, inyanyue kwenye mwanga, irudishe hapo hapo. Kesiye ataguna. Mimi pia niliguna, kisha nikabadilisha.

*Nilikimbia Goma mwanzoni mwa 2025, sasa niko Butembo. Benki yangu ya Goma imefungwa. Ndiyo kusema nimepoteza? — Mkimbizi*

Pole sana, mdogo wangu. Barua yako sitaifanyia mzaha.

Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, na waliobaki wakawa wananunua pesa taslimu kwa pesa: unatuma kwenye simu, mwenye kibanda anakukata kamisheni yake ndipo akupe noti. Lakini kilichofungwa kule ni jengo. Akaunti ya benki imeandikwa kwenye mashine zinazoongea na Kinshasa. Kama benki yako ina tawi hapa Butembo au kule Beni, ambako serikali ya mkoa imehamia, nenda na namba ya akaunti na kitambulisho, ukadai kama mteja yeyote. Watakuuliza maswali mengi. Yajibu kwa upole, maana nao wanaogopa wenye vitambulisho vya kuokota.

Kama ilikuwa COOPEC yenye mlango mmoja, kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu daftari na droo vimebaki nyumba moja. Piga picha ya kila ukurasa wa livre yako, mtumie ndugu aliye mbali, na usiikabidhi kwa yeyote anayekuahidi kukutolea. Watu hao wameongezeka mjini.

*Kesiye mpendwa, tunafaidika sana na safu yako. Wewe mwenyewe unaweka pesa zako wapi, unatoa siku gani, na ukitoka unapanda motari wa wapi? — Msomaji Wako wa Kila Wiki (hakuna anwani)*

Ndugu Msomaji, nafurahi kwamba hata wenye kazi kama yako mnapata muda wa kusoma. Sina cha kuficha. Pesa zangu zote ziko kwa mama watoto. Kutoa kunahitaji ombi la maandishi, sababu tatu, na kibali cha mama yake. Nimeomba dola 20 tangu Pasaka, ombi bado liko kwenye kamati. Ukija ukafanikiwa, tafadhali niandikie uliingilia mlango gani.