Biskuti za Mlinzi wa Shamba: Kutoka Saba Hadi Moja

Jirani akikukuta unamwokea mbwa biskuti, atakuuliza kama hela zimekuzidi. Muulize na wewe: usiku ule nguruwe pori walipovamia mahindi, nani alibweka hadi kukakucha? Huku Mabwerebwere na Kilosa nzima, shamba bila mbwa ni karamu ya ngedere. Mlinzi huyu hana mshahara wala likizo. Basi tumpikie, na tuhesabu kwa kushuka.

7. Oveni si lazima. Sufuria nene, mchanga mkavu ndani, sahani ya bati juu ya mchanga, mkaa chini na mkaa mwingine juu ya mfuniko. Keki ngapi za harusi zimeiva hivyo! Mbwa wako hatauliza umetumia jiko gani.

6. Chumvi, sukari na hamira vibaki kabatini. Donge bichi lenye hamira huumuka tumboni mwa mbwa na kutoa pombe. Mtaa wenu una walevi wa kutosha.

5. Dagaa ndio mpango mzima. Kilosa iko kwenye reli ileile inayofika Kigoma, kwa hiyo usiniambie dagaa hawajulikani kwenu. Waloweke watoe chumvi na mchanga, waanike tena, watwange. Harufu yake itawaita mbwa wa vitongoji vitatu, kwa hiyo ongeza kipimo cha wageni.

4. Kipimo chenyewe. Vikombe viwili vya dona, nusu kikombe cha unga wa ngano wa kushikanisha, kikombe cha boga lililochemshwa na kupondwa, yai moja, dagaa wa unga nusu kikombe. Kanda, sukuma, kata, oka mpaka zikauke kau. Mpe chache tu. Ugali wake na mboga viko palepale.

3. Visivyoingia kabisa. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti hushambulia moyo wake. Zabibu za Dodoma ni fahari yetu, lakini figo za mbwa haziziwezi, ziwe mbichi au kavu. Akikutolea macho ya huruma, geuka upande mwingine.

2. Biskuti mfukoni siku ya chanjo. Kila Septemba 28 dunia huadhimisha siku ya kupambana na kichaa cha mbwa. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia. Tatizo ni kumfikisha mbwa kwenye sindano: anavutwa kamba kama mdaiwa sugu. Mwonyeshe biskuti ya dagaa, atakutangulia. Sisi tunaopakana na Hifadhi ya Mikumi tuna sababu ya ziada. Mwaka 1994, ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliwatazama mbwa wa vijiji vya jirani kama chanzo. Mikumi kuna simba, na kuna mbwa mwitu ambao wamebaki wachache duniani. Kwa hiyo muulize mtaalamu wa mifugo chanjo zote mbili, ya kichaa na ya distempa.

1. Unga safi. Hapa utani naupumzisha kidogo. Tuna mazoea mabaya: mahindi yakiota kuvu tunasema "hayo ya mbwa." Kuvu hiyo inaweza kuwa na sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na ini la mbwa huathirika nayo upesi sana. Marekani, mwishoni mwa 2005, zaidi ya mbwa mia moja walikufa kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Karanga nazo zina hatari ileile. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Kabla ya kuweka ghalani, tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Yaliyokwisha ota kuvu usiyasage, usiyaoke, usimtupie mbwa wala kuku. Yafukie mbali na watoto na mifugo, kwa sababu moto wa jiko hauiondoi sumukuvu.