Kungwi wa Pochi: Gari juu ya matofali, suti ya mkopo na kanzu nyeupe pe

Kabla hujaniandikia, soma haya. Kungwi hakopeshi. Kungwi hapatanishi wanandoa waliokwisha kurushiana sufuria. Kungwi hasafishi nyota wala havuti wateja. Wenye kazi hiyo wamebandika namba zao za simu kwenye nguzo za umeme. Kazi yangu ni pochi, na ulimi wangu haukopeshi staha kwa mtu aliyemaliza mshahara tarehe 7.

*Kungwi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watano. Mke wangu ananimaliza kwa sare. Mwezi uliopita kitenge cha harusi ya binamu yake, mwezi huu cha sendofu ya binti wa jirani, na juzi kaniambia kuna kicheni pati, wote watavaa zambarau. Nikikataa ananiuliza, "Watu watanionaje?" Mimi mwenyewe sina makuu. Gari langu lipo juu ya matofali tangu giaboksi ilipokufa, ila kila Jumamosi namwita kijana analiosha kwa elfu tano ili lisionekane limetelekezwa. Nimfanyeje mwanamke huyu? – Baba Watano, Mbagala*

Marahaba, baba. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilimhurumia mkeo. Mara ya pili nikamhurumia huyo kijana wa ndoo na sabuni, anayesugua magurudumu yasiyogusa ardhi.

Elfu tano kila Jumamosi ni elfu ishirini kwa mwezi, na mwezi wenye Jumamosi tano unakula ishirini na tano. Unalipa hela hiyo ili majirani wasijue jambo ambalo wanalijua. Mtaa mzima unapita hapo. Watoto wanacheza kombolela nyuma ya hilo gari. Hata paka wamezalia humo, nina hakika, japo hukuandika.

Sasa tuje kwenye sare. Usidhani nitakuunga mkono. Wale wanawake wa zambarau ndio watakaofika alfajiri na visu vyao siku msiba ukiingia kwako, wamenye vitunguu, wapike wali wa watu mia mbili, waoshe masufuria na waondoke bila kukudai senti. Mkeo anapovaa rangi yao anajiandikisha kwenye orodha hiyo. Gari lako likioshwa halikuandikishi popote.

Ila si kila harusi ina orodha ya kuingia. Kaeni wawili, mpitie majina. Nani alikuja mlipouguliwa? Nani alileta uji alipozaliwa wa nne? Hao mkeo atawashonea. Wengine watapata mchango wenu na kitenge cha mwaka jana, na hakuna kamati itakayomfukuza mlangoni mtu mwenye kadi. Na mchango wenyewe msiahidi kwa kushindana. Mnajua kamati inavyofanya kwenye kundi la WhatsApp: kila jioni orodha inapandishwa upya, jina, ahadi, alicholipa. Aliyeahidi laki moja ili apate kadi ya wawili, na safu yake ya malipo bado ni sifuri, anasomwa na watu mia na hamsini kabla ya chakula cha usiku. Aliyeahidi elfu thelathini akalipa siku hiyo hiyo hakuna anayemkumbuka, na hiyo ndiyo raha yake.

Mwambie mkeo asishone gauni refu moja linalovalika mara moja. Ashone sketi na blauzi. Sketi ya zambarau itakwenda kazini na kanisani na blauzi nyeupe, hakuna atakayejua ilikuwa sare. Fundi aache mshono mpana ndani, sentimita tatu kila upande, maana mwili wa mama wa watoto watano hauahidi kitu. Kitenge cha mwaka juzi kinatoa kaptula ya mtoto na mfuko wa sokoni, na kipande kinachobaki kinafunga kichwa.

Gari livalishe turubai. Turubai halioshwi. Baadaye ukiwa tayari, mwite fundi anunue taa, milango na vioo. Kuna mtu mjini analia kwa kukosa taa hiyo ya kushoto.

*Kungwi, nimemaliza chuo. Nimeitwa kwenye usaili wiki ijayo. Sina suti. Mama anasema nisiende kama mhuni, na dukani suti ni laki mbili na nusu. Kuna programu ya simu inanipa mkopo kwa dakika tano bila dhamana. Rafiki yangu anasema ninunue mtumba lakini naogopa watanigundua. – Mhitimu, Sinza*

Mwanangu, sitakudanganya kwamba wataangalia cheti peke yake. Wanaanza kukuangalia mlangoni. Kola chafu inaonekana kabla hujasema "habari za asubuhi". Kwa hiyo mama yako ana haki, na mwonekano wako utauweka kwenye bajeti ya kutafuta kazi pamoja na nauli na hela ya fotokopi. Ugomvi wangu ni bei, na nani utakayemlipa.

Anza na huo mkopo. Watu wamekwisha kuupa jina, kausha damu, na hawakukosea. Unaposakinisha programu inaomba ruhusa ya kusoma namba zote kwenye simu yako, na wewe kwa haraka unabofya kubali. Ukichelewa siku mbili, ujumbe unakwenda kwa mjomba wako, kwa mwalimu wako wa sekondari, kwa mchungaji, kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Yaani unakopa ili watu wasikudharau, halafu mkopeshaji anawapigia simu mmoja mmoja kuwaomba wakudharau. Na kama umehifadhi namba ya ofisi iliyokuita usaili, nao watapigiwa.

Nenda Karume, kwenye mitumba, pale Ilala. Lile soko liliungua Januari 2022 na wafanyabiashara wakarudi kutandika. Wewe unashindwa na aibu tu. Nenda asubuhi belo linapofunguliwa, siyo saa kumi jioni wakati wajanja wamekwisha kupitia. Usianze na rangi. Anza na mabega. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wako, kwa sababu fundi atakupunguzia mikono, atabana kiuno, atafupisha suruali, lakini mabega ya koti hayana dawa ya bei nafuu. Geuza koti ndani nje. Tazama bitana kwenye makwapa: ikiwa imeoza au ina ramani ya jasho, rudisha. Pitisha kidole kwenye kola na kwenye ncha za mikono, ndipo kitambaa kinapochoka kwanza. Magoti ya suruali yanayong'aa yana hadithi ndefu za mtu mwingine, yaache. Vifungo visikusumbue, vinauzwa.

Nyumbani lianike kivulini siku mbili, upepo utoe ile harufu ya belo. Ukilipiga pasi weka kitambaa chenye unyevu juu yake. Pasi kavu juu ya sufu inaacha alama inayong'aa, na hiyo ndiyo itakayokugundua, si lebo. Viatu mpelekee fundi wa pembeni ya barabara, atie soli, apake kiwi. Hesabu yote hiyo, fundi wa nguo ndani yake, haifiki robo ya hiyo laki mbili na nusu.

Kuhusu kugunduliwa, hebu tulia. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba ifikapo 2019 mitumba iwe imeondoka katika masoko yetu. Marekani ikatikisa kiberiti kuhusu AGOA, ule mpango wa kuingiza bidhaa kwao bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma, Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda ilibaki na ushuru wake wa dola 2.5 kwa kilo, na mwaka 2018 ikanyimwa nafuu hiyo kwa nguo zake. Serikali zimeshindwa kututenganisha na mitumba. Sembuse wajumbe watatu wa usaili, ambao mmoja wao, nakuhakikishia, koti lake nalo lilifika kwa meli limefungwa kwenye belo.

*Kwako Kungwi. Mtaani kwetu maadili yamekufa. Vijana wanavaa kata kei, suruali iko chini ya makalio. Mabinti nguo zinawabana. Mimi kila Ijumaa natoka na kanzu nyeupe pe, iliyonyooka, ili niwe mfano, lakini hawaigi. Je, serikali haiwezi kuingilia? – Mzee wa Mfano, Kigamboni*

Mzee wangu, shikamoo. Serikali ilikwisha kuingilia, na umri wako unaniambia ulikuwepo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Tarehe yenyewe haijafika, tayari makundi ya vijana wa kiume yamejaa Kariakoo yakisimamisha mabasi na kuwavamia wasichana, mpaka polisi wakaingia kati. Waliopasuliwa nguo mchana kweupe ni wasichana. Waliopasua walijiita walinzi wa heshima. Barua zilimiminika magazetini, wengine wakiuliza vizuri tu: utamaduni unalindwaje kwa kumvua binti wa watu hadharani?

Miaka hiyo hiyo Wamasai nao walisukumwa waache lubega wavae suruali, ati wanaiaibisha nchi. Tazama leo mabango ya utalii uniambie nani kasimama pale mbele, na kavaa nini.

Wasichana wa vimini vya 1968 leo ni mabibi. Baadhi yao, naapa, wanalalamika pamoja nawe kibarazani kuhusu mabinti wa siku hizi.

Nina swali moja kuhusu hiyo kanzu. Nani anaifua? Nani anailoweka Jumatano, anaitia buluu, anaianika kabla jua halijawa kali, na kuinyoosha kola kwa maji ya wanga? Barua yako ina kurasa mbili na mtu huyo hayumo. Ijumaa ijayo ifue mwenyewe, kisha toka nayo. Ikitoka na mabaka, vaa hivyo hivyo, na vijana wa kata kei wataanza kukusikiliza, angalau kwa mshangao.

*Tunaishi wapangaji sita, mita moja ya LUKU. Mmoja wetu anapiga pasi kila asubuhi, hata fulana ya ndani. Tunaona anajionyesha, na umeme unakwisha. Halafu tukinunua umeme mwanzoni mwa mwezi tunakatwa 1,500 hatujui ya nini. Tumtenge? – Wapangaji Watano, Tandika*

Pasi ya wati 1,000 ikiwaka robo saa inakula robo uniti. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, kodi ndani yake, uniti ni kama shilingi 356. Huyo anayewaudhi na fulana yake anatumia chini ya mia moja kwa siku. Sasa kuna mlango mmoja hapo unaotoa harufu ya maharage kila jioni. Jiko la koili la wati 2,000, saa mbili, uniti 4: zaidi ya 1,400 kwa sufuria moja. Mwenye maharage ayaloweke usiku kucha, amwage maji, atapunguza saa nzima. Pasi inaonekana kwa sababu matokeo yake yanapita mbele yenu yamenyooka. Maharage yanaliwa mlango umefungwa.

Hiyo 1,500 ni kodi ya jengo, inakatwa kupitia LUKU. Mwenye kudaiwa ni mwenye nyumba. Tunzeni ujumbe wa kila mwezi, mkilipa pango mkate jumla yake, tena kwa adabu na karatasi mkononi.

Majibu ya mkato, kwa wanaojua walichouliza:

Ubungo: Usiupake huo mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi kwa sababu, na hata ukifanikiwa uso, vifundo vya vidole vitabaki vinasema ukweli kila unapopokea chenji.

Morogoro: Zamu yako ya upatu imefika, hongera. Ni hela zako zile zile zimerudi nyumbani zote siku moja. Usizisherehekee kama wageni.

Bwana harusi mtarajiwa, Dodoma: Suti ikodi. Picha haionyeshi risiti. Irudishe Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi, na usiinamie biriani nayo.

Msomaji wa Magomeni uliyeniona sokoni na ndara za rangi mbili tofauti: ndiyo, nilikuwa mimi. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu miguu yangu na hukutaja fungu la nyanya lilikuwa shilingi ngapi kule ulikonunulia wewe. Ilikuwa ngapi?