Beseni la Baba Mkwe

Jumapili baba mkwe alimwita mjukuu wake alete beseni. Halikuwa la kunawa. Alilisukuma kwa fimbo chini ya Morris Minor yangu, akalirekebisha mpaka tone likalia katikati, ndipo akanikaribisha kiti. "Karibu, mkwe. Si umesema limetoka gereji?" Uwanja wake umetandazwa matofali mapya mekundu. Manane kati yake sasa ni meusi.

Limetoka gereji, ndiyo. Injini ilishushwa na kufunguliwa yote, na kwenye risiti kuna mstari: "sili ya krenki, nyuma". Kwa bei hiyo ningenunua mbuzi.

Basi, injini hii haina sili ya nyuma. Tangu 1952, Morris Minor ilipoanza kutiwa injini za A-series, kiwanda hakikuweka. Waingereza walichonga mfereji wa kuzungukazunguka mwishoni mwa krenki, kama parafujo ya mashine ya kusagia nyama. Krenki ikizunguka, mfereji unaikokota oili na kuirudisha kwenye sampu. Hakuna mpira, hakuna kinachogusana, ni mwanya mwembamba tu. Nilipoteremsha giaboksi nikaumulika kwa tochi, chai ilipoa. Ni akili tupu, ilimradi injini inanguruma! Ukiizima, parafujo inalala, na oili iliyobaki pale inajiendea chini. Ringi za pistoni zikichoka, hewa ya mlipuko hupenya hadi kwenye sampu na kuisukuma oili kupitia mwanya uleule. Wahandisi walilijua hilo. Chini ya nyumba ya klachi walitoboa tundu, wakaning'iniza ndani yake spliti pini itikisike barabarani, tundu lisizibe. Yaani kuvuja kumo kwenye michoro ya kiwanda.

Mbele nako, kwenye kifuniko cha cheni ya taimingi, kulivuja. Feliti mpya iliyoloweshwa oili ikamaliza kesi. Gasketi ya kifuniko cha valvu ilikazwa kwa hasira, ikakatika.

Oili nimeisamehe. Mstari wa risiti, la. Mwenye gari huambiwa asimame kivulini, kazi ni ya ndani, haionekani. Kisha analetewa bei ya kitu asichoweza kukiona hata akiinama. Wangapi wamelipia hewa hivyo?

Nilirudi gereji, nikamwomba fundi anionyeshe basi ile sili kuukuu aliyoitoa.

"Ilikuwa imechakaa mno, bosi," akasema. "Niliitupa."