PA, KU na MU: Ngeli za Wenzi wa Milimani Wafikapo Mombasa

Wanasarufi wamezigawa nomino zote za Kiswahili katika ngeli, wakaridhika, wakalala. Hakuna hata mmoja aliyewagawa mke na mume wanaotoka Muheto kwenda kuitazama bahari. Pengo hilo la kitaaluma ndilo ninaloliziba hapa. Nilipomweleza mjomba wangu kijijini kwamba naandika makala, aliuliza magunia mangapi, kwa maana kwetu Masisi makala ni yale ya kupikia, ambayo watu wa pwani huyaita makaa. Nikamjibu kwamba ni gunia moja tu, tena lina vumbi.

Kwanza mipaka ya utafiti. Muheto iko kwenye milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, na masikioni mwa mwenye Kinyarwanda jina hilo ni upinde. Maji makubwa tunayoyajua ni Ziwa Kivu, nalo liko chini huko Sake na Goma. Mwenye kujua ramani atasema Kongo ina bandari yake, Matadi, na hata pwani yake kwenye Atlantiki. Inayo, isiyofika kilomita 50. Lakini kutoka Masisi hadi Matadi hakuna barabara ambayo mtu mwenye akili angempitisha mkewe, ilhali kwenda Mombasa ni suala la mabasi na subira: unavuka mpaka, unalala Kampala, unakunywa chai Nairobi, kisha reli iliyofunguliwa mwaka 2017 inakushusha Miritini. Miritini ni stesheni kubwa, safi, isiyo na bahari. Mama watoto aligeuka pande zote nne akaniuliza kama tumeshuka mapema.

Sampuli ni jozi moja, yaani mimi na yeye, ikiongezewa wenzi wengine tuliowachungulia bila idhini yao. Muda wa utafiti, siku sita. Mfadhili ni ng'ombe mmoja, ambaye hakushauriwa.

Sasa nadharia. Mwalimu yeyote atakuambia kwamba mahali pana viambishi vitatu: PA ya mahali maalumu panapojulikana, KU ya mahali kusikodhihirika, na MU ya ndani. Sisi wa Kivu hatukuviachia vitabu. Tunasema niko mu nyumba, ninaenda ku soko, na mtu wa pwani anacheka kwa adabu zake. Nadai kwamba wenzi wote wanaotembelea mji wa bandari wamo katika mojawapo ya viambishi hivyo, na kwamba magomvi yao yote, pasipo kubakiza, yanatokana na kukosa upatanisho wa kisarufi.

Mwenzi wa PA hutambulikana kwa karatasi. Karatasi imekunjwa mara nne, ina orodha, na kila mahali pameandikiwa saa yake. Anajua kwamba Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Cairati, kwamba ngome hiyo ilizingirwa tangu 1696 hadi 1698, kwamba Waingereza waliigeuza gereza, na kwamba UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2011. Anayajua haya yote kabla ya kufika, kwa hiyo akifika hana kazi nyingine ila kuhakikisha kwamba ngome haijakosea.

Nakiri kwamba PA ni mimi. Nakiri pia kwamba saa yangu ya mkononi ilibaki Masisi. Sisi tuko saa moja nyuma ya Kenya, na nilikataa kuisogeza mishale kwa kuwa niliona huko ni kujisalimisha. Hivyo tulifika langoni pa ngome saa kumi na moja za jioni kwa hesabu ya nyumbani, tukamkuta mlinzi anafunga. Mama watoto hakusema neno. Aliitazama tu ile karatasi, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa.

Kesho yake, kwa mujibu wa orodha, tulikwenda kwenye zile pembe za ndovu zinazokatisha barabara ya Moi, zilizosimamishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ugeni wa kifalme kutoka Uingereza. Nilitumia dakika kumi kumsimulia habari za Tippu Tip na pembe zilizobebwa mabegani kutoka Manyema hadi pwani, nikafika hata kwenye uzito wa mzigo. Yeye akasogea, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

“Papa,” akasema, “hii ni sufuria.”

Ni kweli. Ni aluminiamu.

Mwenzi wa KU, kama msomaji alivyokwisha kubaini, ni yeye. KU haina orodha. Inafuata harufu, inafuata kanga iliyoanikwa, inamfuata mwanamke aliyebeba sinia kichwani hadi anakoishia. Ukimuuliza KU ameona nini mchana kutwa katika Mji wa Kale, hawezi kukutajia msikiti hata mmoja wala mwaka wake, lakini anajua bei ya mahamri kwenye vichochoro vitatu tofauti, anajua nani hutia iliki na nani huibania. Viazi karai alivila akiwa amesimama. Mabuyu yalimpaka midomo rangi, akakaa hivyo hadi jioni. Kwenye jungu moja alikuta kisamvu, akafunua, akanusa, akatangaza mbele ya mwenye jungu kwamba hii ni sombe iliyopotea njia ikaangukia kwenye nazi. Nilidhani tutafukuzwa. Badala yake tuliongezewa sahani.

Faida ya KU, ambayo nadharia yangu haikuitabiri, ni kwamba haipotei. Mombasa ni kisiwa. Njia yoyote ukiifuata kwa ukaidi wa kutosha inakuleta kwenye maji. Mimi mwenye ramani nilipotea mara tatu, na mara zote tatu nilimkuta yeye amekwisha kufika, ameketi, anaongea na watu.

Mazungumzo yenyewe yana utaratibu wake. Wenyeji huuliza, “Mwatoka wapi?” Tukijibu Kongo, uso unang'aa na mtu anaanza kuimba Kilingala, kwa sababu Kenya hata muziki wenyewe huuita Lingala. Mama watoto hajui Kilingala. Mimi najua cha kuombea radhi kizuizini. Tuliitikia tu, tukitikisa mabega kwa heshima ya taifa. Mzee mmoja alitaja Orchestra Virunga ya Samba Mapangala, na hapo angalau nikapata la kusema: kwamba Virunga si bendi tu, ni milima, na kwamba akija kwetu nitamwonyesha ilipo. Hakuamini. Alisema milima haina gitaa.

Kuhusu wenzi wa MU, data ni chache kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa. Wengi ni waliooana juzi. Naongeza tu kwamba tulikuwa na jibini mbili za Masisi, zawadi kwa mwenyeji wetu ambaye alikuwa amesafiri. Kwetu jibini hukaa rafuni, na baridi ya mlima inailinda. Mombasa zilianza kutoka jasho tangu usiku wa kwanza, chini ya feni, zikitutazama. Hizo ndizo MU kamili pekee nilizoweza kuzichunguza kwa karibu.

Nifikie kiini. Sentensi ikiwa na kiima cha PA na kitenzi cha KU, mwalimu hupiga mstari mwekundu. Ndoa ikiwa hivyo, mstari huo hupigwa siku ya tatu. Wa kwetu ulipigwa ufukweni Nyali. Tulifika asubuhi nikiwa nimemwahidi bahari, tukakuta mchanga, majani, na kaa wadogo wakikimbia kandokando. Maji yalikuwa mbali kabisa.

“Mayi ilishaenda wapi?” akauliza.

Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya safari hiyo. Ziwa Kivu haliendi popote. Ukiliacha jioni, asubuhi unalikuta palepale. Sikutaka kuonekana sijui, nikachagua mahali maalumu, hatua ishirini kutoka kwenye maji, nikaviweka viatu vyangu pamoja na karatasi ndani yake, nikamchukua tukatembee. Tuliporudi palikuwa na kiatu kimoja, nacho kinaelea. Muuza madafu aliyekuwa akituangalia muda wote alisema leo ni bamvu, na kwamba maji ya bamvu hapa hupanda zaidi ya mita 3. Angeweza kusema mapema. Mama watoto alicheka mpaka akaketi majini na nguo zake, akaonja, akatema, akaonja tena. Karatasi haikupatikana. PA yangu ilikuwa imegeuka KU mbele ya shahidi.

Kuanzia hapo tulibaki na mahali pamoja tu, ambapo kila jozi tuliyoichunguza hatimaye iliishia: feri ya Likoni. Mtu wa Muheto amezoea kulipia daraja la miti miwili, amezoea kulipia kamba iliyotandazwa barabarani. Mwambie kuna chombo cha chuma kinachobeba magari na umati mzima kuvuka mkondo wa bahari, na mwenda kwa miguu halipi hata senti; atatafuta mtego ulipo. Tulivuka kwenda kuutafuta. Hatukuuona. Tukavuka kurudi ili tuhakikishe. Kwa uainishaji, feri inaleta taabu: ni MU, kwa sababu uko ndani yake, ni PA, kwa sababu umesimama mahali pamoja hupati hata pa kugeuka, na ni KU, kwa sababu inaondoka. Humo tu ndimo sikusikia wenzi wakigombana. Labda ni upungufu wa nafasi.

Mara ya tatu feri ilingoja, meli ipite kutoka Kilindini. Ilipita karibu hata shingo zikatuuma kwa kuinua nyuso, makontena yamepangwa kama shule yenye orofa nyingi. Nikaanza kumweleza mama watoto kwamba mlango wa mafuta yetu ya kupikia, vitenge vyetu na pikipiki zetu ndio huu. Kwamba hushushwa hapa, hupanda malori hadi Uganda, kisha huingia kwetu kwa Bunagana au Kasindi, kadiri vita vinavyoruhusu wiki hiyo. Alikuwa akihesabu makontena. Yakamshinda.

“Na bintu bya Rubaya,” akauliza, “binapitaka hapa?”

Rubaya ni kwetu, Masisi, kunakochimbwa koltani inayokwenda kwenye simu za dunia nzima. Nikasema pengine hapa, pengine Dar es Salaam. Akaitoa simu yake mfukoni, akaipiga picha ile meli mpaka ikawa ndogo. Feri ikaungurumisha injini, tukafika ng'ambo ambako hatukuwa na shughuli yoyote, tukashuka, tukapanga foleni ya kurudi.