Mwongozo kwa Anayetaka Kuistarehesha Bodaboda ya Arusha

Mbunifu, umekuja Arusha na kompyuta mpakato, daftari la michoro na huruma tele, ukiamini dereva wa bodaboda anaumwa mgongo kwa sababu hakuna aliyewahi kumfikiria. Mgongo unamuuma kweli. Hayo mengine tuyapitie kabla hujaagiza kontena la vifaa.

Wote huanzia kwenye siti, kwa hiyo nawe anzia hapo. Bila shaka mchoro wako una bonde la dereva na tuta la kumtenga na abiria, kama zile siti za Marekani ambako mtu hununua starehe ya makalio yake mwenyewe kwa safari yake ya Jumapili. Lifute hilo tuta. Siti ya Boxer au TVS ni ndefu na imenyooka, na kunyooka huko ni mtaji. Abiria akiwa mmoja, dereva anakaa kwenye siti. Wakiwa wawili na mtoto katikati, dereva anahamia kwenye tangi. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Trafiki anajua, dereva anajua, abiria wanajua, na bado utapishana na mishikaki ya abiria Kwa Mrombo jioni. Sikushauri uwasaidie. Nakuambia tu kwamba siti inayomlazimisha dereva kutii sheria haina mnunuzi kijiweni.

Sponji nayo usiirundike. Siti ikipanda sentimita 5, dereva mfupi hafikishi unyayo chini, na mteremko wa Ilboru baada ya mvua ya Aprili si mahali pa kusimama kwa ncha za vidole. Ile jeli inayosifiwa kwenye boksi itashinda juani chini ya reksini nyeusi, na abiria wa saa saba mchana atakupa tathmini yake kwa sauti. Kuhusu rangi, usichague wewe. Siti nyekundu kwa shabiki wa Yanga haiendi hata kwa mkopo.

Sasa abiria. Huyu ndiye anayelipa, na ndiye ambaye michoro humsahau. Mchukue mama anayeteremka kutoka Nkoaranga kwenda soko la Tengeru, Jumatano au Jumamosi: kitenge, amekaa upande, ndoo mapajani. Kitenge kinatafutwa na gurudumu na cheni. Mguu unatafutwa na ekzosi. Wahindi walilifikiria hili zamani. Kanuni zao za magari za mwaka 1989 zinataka pikipiki iwe na kishikio cha abiria, pa kukanyagia, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Aliyekuwa akiwazwa ni mwanamke aliyevaa sari, miguu yake ikining'inia kushoto, ekzosi ikiwa kulia. Ule wavu wa chuma unaokuja kando ya gurudumu kwenye baadhi ya pikipiki kutoka India umesafiri na sheria ya kwao, na huku unakinga kitenge cha Mmeru na shuka ya Mmaasai bila kubadilishwa hata skrubu. Sijui kifaa kingine cha pikipiki kilichobuniwa kwa adabu kama hicho. Kwa hiyo chochote utakachobuni, kisidai wavu huo ung'olewe ili kipate nafasi. Na ukikosa wazo kabisa, tengeneza kinga ya ekzosi inayodumu. Waombe wanaopanda bodaboda, hasa wenye tabia ya kuteremkia kulia, wakuonyeshe kigimbi.

Utaniambia una kioo cha kukinga upepo. Najua. Miaka ya 1970 Craig Vetter wa Marekani alijijengea jina kwa Windjammer, kinga kubwa ya upepo iliyofungwa mbele ya pikipiki za wasafiri wa masafa marefu. Na baridi huku ipo. Juni na Julai, anayeshuka alfajiri na madumu ya maziwa kutoka vijiji vya juu ana mlima wa mita 4,562 unaompulizia kisogoni. Ila amekwisha kununua kinga yake. Ni koti zito la mitumba, nalo amelivaa mbele nyuma, zipu mgongoni, ili upepo usipate pa kuingilia. Koti hilo ndilo linaloshindana nawe. Halihitaji boliti, halivunjiki pikipiki ikilala, na likichoka linakuwa tambara la kufutia tangi. Mwavuli mkubwa wa kufunga kwenye pikipiki, kama ule uliozoeleka kwa majirani Kenya, sikuzuii kuujaribu. Mpeleke tu rafiki yako aupitishe barabara ya Namanga wakati lori linapishana naye, wewe ubaki Sakina ukisubiri matokeo.

Kwenye keria kuwa na unyenyekevu. Mji huu una TEMDO na CAMARTEC, taasisi za umma zenye kazi ya kubuni mitambo na zana, lakini keria ya bodaboda haikusubiri mchoro wa mtu. Mteja huenda kwa fundi wa kuchomelea na mzigo wenyewe, au anauonyesha kwa mikono: urefu huu, mkungu wa ndizi unakaa hivi. Fundi anakata nondo. Hapo utaona kila kosa la hesabu na kila akili ya uzoefu vikiwa vimeungwa pamoja. Kosa kubwa ni keria ndefu. Mzigo ukipita nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye mlima usukani unabaki kutoa ushauri tu. Hapa ndipo ungeweza kusaidia kweli: keria inayoleta mzigo mbele kidogo na chini kidogo. Lakini ukiileta mbele unakula siti, na ukila siti tunarudi kwa yule abiria wa pili. Jambo moja usilinyamazie: fundi asiguse fremu kwa moto kabla waya wa betri haujatolewa, la sivyo utalipa CDI ya watu, kile kisanduku cha cheche za plagi.

Ngao ya mbele wenye viwanda huiita kinga ya mguu, na kweli pikipiki ikilala inaukoa. Saa nyingine zote ni mahali pa kunyooshea miguu, kuning'inizia mfuko wa nyanya, na kufungia taa.

Ah, taa. Umeme wa pikipiki hizi ni volti 12 kutoka kwenye koili ndogo iliyopimiwa taa, honi na indiketa. Dereva ameongeza taa za LED zinazopepesa, redio, spika chini ya siti na honi ya sauti ya basi. Betri ikifa atapiga kiki, kwa hiyo hilo halimkoseshi usingizi. Fyuzi ikikata, fundi wa haraka ataweka waya mtupu, na kuanzia hapo kitakachokata ni kingine. Chaja ya simu isiyoingia maji ndiyo pekee ambayo ningeiwekea pesa yangu, kwa kuwa simu ikizima, dereva amefunga ofisi.

Usidhani lakini kwamba wewe ni wa kwanza. Mwaka 2009 Jodie Wu, aliyehitimu MIT, alianzisha Global Cycle Solutions hapa hapa Arusha, kampuni iliyotengeneza vifaa vya kufunga kwenye baiskeli: mashine ya kupukuchua mahindi na chaja ya simu. Bernard Kiwia, mbunifu wa hapa hapa, naye anajulikana kwa chaja inayoendeshwa na baiskeli. Tazama walichochagua. Mwenye baiskeli hakuahidiwa kukaa vizuri; aliahidiwa kwamba baiskeli yake inaweza kuingiza pesa hata ikiwa imesimama. Baadaye kampuni ikageukia taa za sola, na hilo nalo lina maana yake, ila naona una haraka.

Kabla hujaondoka, neno kuhusu bosi mwenye pikipiki. Pikipiki nyingi kijiweni ni za mkataba: dereva anapeleka hesabu mpaka muda uishe, ndipo chombo kiwe chake. Kwa hiyo hufunga kile atakachoweza kukifungua siku mkataba ukivunjika. Usitengeneze cha kuchomelea. Tengeneza cha boliti, na boliti iwe ya spana ambazo tayari anazo. Deiwaka, dereva wa kutwa, hatafunga chochote, maana pikipiki anairudisha jioni. Halafu kuna siku bosi atapita kijiweni, aone siti mpya, kinga mpya, chaja mpya, aizunguke pikipiki polepole na kusema, "Naona kazi inakwenda." Wiki inayofuata hesabu imepanda. Bidhaa yako basi iwe nyeusi, isiyong'aa, isiyo na nembo, na kama kiwanda kinaweza, itoke ikiwa na vumbi tayari.