Mchango wa Kichwa Changu

Hadi Jumamosi saa mbili usiku, ukoo wetu ulikuwa umenichangia shilingi 340,000 za kupasuliwa ubongo. Mwenyekiti alikuwa Baba Mdogo. Mweka hazina alikuwa binamu yangu, mtu ambaye hajawahi kunirushia hata vocha ya mia tano, na sasa alisoma majina ya waliotoa na walioahidi kwa sauti ya msibani. Mgonjwa, yaani mimi, nilikuwa kwenye sofa langu mwenyewe, nimefunikwa kanga, nikijaribu kujua naumwa nini.

Chanzo ni Shangazi. Alikuja kusalimia kutoka Tanga, akanisikia nikiongea na simu barazani. Maneno aliyoyadaka ni haya: wanakutoboa fuvu, wanakuwekea chipu, ukitoka kazini hukumbuki ulishinda na nani; yule aliyejaribu kurudishwa kama zamani alianguka akafa; mimi niko tayari, nangoja tarehe tu. Shangazi akafanya ambalo shangazi yeyote mwenye huruma angefanya. Akaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Nikaomba nafasi ya kujieleza. Nikawaambia kuna tamthilia ya Marekani inaitwa Severance, nangoja msimu wake wa tatu. Ndani yake kuna kampuni, Lumon, na wafanyakazi wa ghorofa ya chini huwekewa chipu kichwani kwa hiari yao. Ukishuka na lifti asubuhi, wewe wa nje unazimika na anaamka wewe wa ndani, asiyejua kama ana mke, ana mtoto, wala anaishi wapi. Jioni lifti ikipanda, zamu inageuka. Wa nje hajawahi kufanya kazi hata dakika moja. Wa ndani hajawahi kupata usingizi. Mark, mhusika mkuu, alikubali kwa sababu alifiwa na mke, akaona kumsahau saa nane kwa siku si haba.

"Mtu anazimikaje na amesimama?" akauliza Baba Mdogo.

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingoja maisha yangu yote. Ndani ya lifti, uso wa Mark unabaki palepale lakini dunia nyuma yake inasogea, kama vile ukuta umevuta pumzi. Hakuna uchawi wa kompyuta unaohitajika hapo. Kamera inarudi nyuma huku lenzi ikivuta picha karibu, kwa mwendo uliopimwa ili kimoja kifute kazi ya kingine. Uso haukui wala haupungui. Lakini ukubwa wa kilicho nyuma ukilinganisha na uso unategemea kamera imesimama umbali gani, na lenzi haina la kusema juu ya hilo; ndiyo maana ukuta unasogea peke yake. Alfred Hitchcock aliutumia ujanja huo katika filamu yake ya Vertigo, mwaka 1958, kuonyesha kizunguzungu cha mtu anayeogopa kuangalia chini. Severance imeuhamishia kwenye lifti, na kwa sekunde chache unaona roho moja ikitoka na nyingine ikiingia bila mwigizaji kutikisa zaidi ya kope.

Nikaona kuwaeleza hakutoshi. Nikatupa kanga, nikamsimamisha Baba Mdogo mbele ya kabati la vyombo, nikawasha kamera ya simu, nikaanza kutembea kinyumenyume huku vidole vikitanua picha. Ilikubali! Kabati lilikuwa linamjia mgongoni. Nikapiga kelele kwa furaha, nikajikwaa kwenye meza ya chai, na hapo ndipo Shangazi alipoanza kulia.

Mjomba, aliyekuwa kimya tangu aingie, akauliza kama chipu hiyo ndiyo iliyonisahaulisha deni lake la mabati.

Kikao kilichukua muda kukubali kwamba nina afya. Kilichukua dakika moja kuamua kwamba hela zisirudishwe, maana makato ya kutuma ni makubwa, bali zihamishiwe kwenye sendofu ya mdogo wake mweka hazina.

"Sasa tarehe ya nini unayoingoja?" Shangazi akauliza wageni walipoondoka.

Hapa utani uliniishia. Msimu wa kwanza ulianza Februari 18, 2022, ukaisha Aprili 8, sehemu tisa tu, ukatuacha tumening'inia. Wa pili ulikuja Januari 17, 2025. Katikati palikuwa na mgomo wa waandishi wa Hollywood wa 2023, siku 148, na wa waigizaji, siku 118. Hao siwalaumu hata kidogo. Walidai malipo ya haki na kinga dhidi ya akili bandia. Lakini migomo haijazi miaka karibu mitatu. Mengine ni madaha: zile mbio za Mark kwenye korido zinazofungua msimu wa pili zilipigwa picha kipande kipande kwa takriban miezi mitano. Tamthilia ya Star Trek, ilipoanza mwaka 1966, ilitoa sehemu 29 katika msimu mmoja. Msimu wa tatu wa Severance ulithibitishwa Machi 21, 2025, wa pili ulipomalizika tu, na kuthibitisha si kutoa. Wakati huohuo kampuni inayonionyesha tamthilia hiyo inakata hela yangu kila mwezi, iwe kuna kipya au hakuna. Siku ya makato haijawahi kuahirishwa kwa sababu za kisanii.

"Yangu inatoka kila siku jioni," akasema Shangazi, mwenye tamthilia ya Kituruki.

Jumatatu mlinzi wa ofisini aliniona nikikodoa macho ndani ya lifti, akanipa pole.

Shangazi amebaki, alikwishajiandaa kuuguza. Jana nilimwekea msimu wa kwanza, nikamsogezea mbele hadi kwenye chumba chenye mtu na vitoto vya mbuzi, katikati ya ofisi, bila maelezo. Mashabiki duniani tuliwajadili mbuzi wale kwa miaka mitatu. Mimi nimeunguza mabando kwa ajili yao.

"Wa kafara hao," akasema, huku akimenya chungwa.

Jibu hilo tulilipata mwisho kabisa wa msimu wa pili. Nikakaa vizuri. Nikamsimulia ulivyoishia: mke wa Mark, kumbe hakufa, yuko mlangoni anamlilia atoke, na Mark wa ndani anageuka, anamshika mkono mwanamke wa ofisini, wanakimbia. Je, Shangazi, msimu wa tatu utakuwaje?

"Mume mmoja, wanawake wawili. Watakaa kikao, wazee watamtaka achague, naye atasema hakumbuki." Akanyoosha mkono. "Lete rimoti, yangu inaanza."